Haya za Mtoto si Utovu wa Nidhamu

Katika makambi yetu na katika laini za polisi limezoeleka jambo ambalo leo hatuna budi kulisema waziwazi. Mgeni akifika nyumbani, na mtoto akajificha nyuma ya mlango badala ya kuja kuamkia, baba humvuta kwa mkono, humkaripia mbele ya watu, na pengine humchapa, akidai kwamba mtoto wa askari hawezi kuwa mwoga. Yuko pia askari wa zamu kituoni ambaye, akiletewa mtoto asiyejibu maswali wala kumtazama mtu usoni, huamua papo hapo kwamba mtoto huyo anaficha jambo. Wote wawili wameisoma vibaya dalili waliyoiona.

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja yasema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine yasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza huipa damu nguvu zote, ya pili huyapa malezi. Uchunguzi wa wataalamu kuhusu haya za watoto umeonyesha kwamba kila moja ina sehemu yake ya ukweli.

Tuanze na damu. Mwaka 1989 Profesa Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, alianza pamoja na wenzake kuwachunguza mamia ya watoto wachanga wa miezi 4. Watoto hao walionyeshwa vitu vya kuchezea vilivyoning'inizwa, wakasikilizishwa sauti na kunusishwa harufu wasizozizoea. Kiasi cha mtoto 1 katika kila 5 alirusha mikono na miguu na kulia. Kiasi cha 2 katika kila 5 walitulia. Walipopita umri wa mwaka mmoja, wale waliohangaika ndio waliokuwa wepesi zaidi kuogopa watu na vitu vigeni. Mtoto wa miezi 4 hajui ukaidi ni nini. Aidha, pacha wa kufanana, ambao chembe zao za urithi ni zile zile, hulingana katika haya kuliko pacha wasiofanana. Hata hivyo, hakuna chembe moja iletayo haya. Zipo nyingi, na kila moja huchangia kidogo tu.

Tuje kwenye malezi. Mwaka 1985 Denise Daniels na Robert Plomin walieleza habari za watoto wa jimbo la Colorado waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Haya za watoto hao zilihusiana na tabia za mama waliowazaa bila kuwalea, na vile vile za mama waliowalea bila kuwazaa. Naye Doreen Arcus, aliyefanya kazi na Kagan, aligundua kwamba watoto wachanga wenye kuhangaika walipungukiwa na woga pale mama zao walipowawekea mipaka iliyo wazi, bila kuwakimbilia kila walipolia. Wengi wa watoto wa aina hiyo hawakukua wakawa waoga wa daima.

Jambo hili askari analielewa kwa kazi yake mwenyewe. Kuruta hapelekwi vitani siku anayoingia depo. Hufundishwa kuifungua silaha na kuifunga, kisha hupelekwa uwanja wa shabaha, hatua kwa hatua, hata mlio wa risasi ukome kumshtua. Mtoto mwenye haya naye apewe mafunzo yake: leo amwamkie jirani, kesho atumwe dukani, baadaye acheze na watoto wa nyumba ya pili. Kumwacha ajifiche kwa mama kila siku ni kumnyima mafunzo. Kumpiga ni kumthibitishia kwamba mgeni akija, maumivu huja naye. Watakuwapo watakaosema kwamba wao walikuzwa kwa kiboko. Tunawajibu kwamba mkono na mguu hutii amri, lakini mapigo ya moyo hayana kamanda.

Kwa askari polisi wajibu ni mzito zaidi. Mtoto aliyepotea au aliyedhulumiwa anapoletwa kituoni, ukimya wake si ushahidi dhidi yake. Vua kofia, keti ulingane naye kimo, mpe maji, mruhusu mtu anayemwamini akae karibu, kisha uliza swali moja moja bila kufoka. Huenda mtoto huyo aliyenyamazishwa na hofu ya sare ndiye shahidi pekee wa uovu aliotendewa. Ukimfukuza, mhalifu atalala usingizi mwema.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa kila mzazi aliyevaa sare: nidhamu ya kambi ibaki nguzo yetu, lakini tusimwadhibu mtoto kwa yale aliyozaliwa nayo. Tumfundishe kwa subira ile ile ambayo sisi wenyewe tulifundishwa nayo kulenga shabaha.