Nyigu Aliyemtangulia Adamu

Liko fundisho linalozunguka katika vikundi vya maombi, na hata mimbarani husikika: kwamba kila kinachouma, kinachofyonza damu na kinachoua kiliingia duniani kwa sababu mtu fulani alitenda dhambi. Fundisho hilo huanza kwa Adamu, lakini haliishii kwake. Likifika kwa mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria, huuliza: "Ni nani katika nyumba hii aliyemkosea Mungu?" Sisi tunalikataa, na mmoja wa mashahidi wetu ni mdudu ambaye mara nyingi ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Watu wa pwani wanaijua sandarusi, utomvu wa mti ulioganda ardhini, ambao katika karne ya 19 ulichimbwa Mrima na kuuzwa Zanzibar. Pengine ndani yake huonekana mdudu aliyenaswa. Kaharabu ni kaka yake: utomvu uliokaa muda mrefu zaidi hata ukawa kama jiwe. Ile inayochimbwa Kachin, kaskazini mwa Myanmar, ina umri wa miaka milioni 99 hivi, kwa kipimo cha chembe za zirkoni zilizo katika mwamba unaoibeba. Ndani yake wamo nyigu wa jamii ambazo jike hutaga yai juu ya mdudu mwingine au ndani yake, na buu akianguliwa humla mwenyeji wake angali hai, mpaka afe.

Tunajuaje kwamba ndivyo walivyoishi? Kwa kazi ya uainishaji. Mtaalamu hung'arisha kipande cha kaharabu, hukiweka chini ya hadubini, hufuata mishipa ya bawa, huhesabu pingili za vipapasio, huchunguza mrija wa kutagia mayai, kisha hulinganisha na nyigu walio hai leo. Baadhi huingia katika familia zilizopo hata sasa. Wengine hawana ndugu aliyebaki. Mwaka 2025 alitangazwa Sirenobethylus charybdis wa Kachin, aliyeelezwa kutokana na majike 16. Ncha ya tumbo lake ina mtego wenye vinyweleo, na watafiti wanadhani ulimshikilia mdudu mwingine wakati wa kutagiwa yai. Hakufaa katika familia yoyote, akatengewa ya kwake.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya wasioamini. Sivyo. Katika Mwanzo 2 Mungu alimletea Adamu viumbe awape majina, wala hakumwambia awaruke wasiompendeza. Kumtazama kiumbe jinsi alivyo, kisha kumpa jina linalomstahili, ni utii.

Wengine watasema umri huo ni hila, Mungu ameuweka kutujaribu imani. Hapo wanamtukana wanayedhani wanamtetea. Tito 1 inatuambia kwamba Mungu hawezi kusema uongo; hawezi basi kuuficha uongo ndani ya jiwe na kutungoja tuanguke.

Nyigu huyu, basi, hakumngoja Adamu. Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia Asa Gray kwamba hawezi kusadiki kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi nyigu wanaowala viwavi wakiwa hai. Swali hilo ni zito, wala halijibiwi kwa kumtupia Adamu lawama. Katika Ayubu 39 Bwana mwenyewe anawataja makinda ya tai wanaofyonza damu, na haombi radhi. Hampi Ayubu sababu ya mateso yake. Waliokuwa na sababu tayari ni wale rafiki watatu, na hao ndio waliokemewa.

Je, tunaifuta dhambi ya asili? Hasha! Warumi 5 inazungumza juu ya mauti iliyowafikia wanadamu wote, nasi twaungama dhambi zetu kila Jumapili. Lakini kuungama dhambi zetu si ruhusa ya kukisia za jirani. Yesu aliulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa, kama alikosa yeye au wazazi wake. Akakataa yote mawili. Akasema vivyo hivyo juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosaji kuliko wengine.

Luther alifundisha Heidelberg mwaka 1518 kwamba mwanatheolojia wa msalaba huyaita mambo kwa majina yake. Tufanye hivyo. Malaria iitwe malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu kabla ya mtu yeyote kuanza kutafuta mchawi au mkosaji. Na msiba ukitokea, tukae na mama huyo, tupike, tuchote maji, tumwombee. Asiyeweza kuja bila lile swali lake abaki kwake.