UCHAMBUZI: Siri ya maua ya jangwani yapaswa kulindwa, si kufukiwa

KATIKA Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi kuna makabati yaliyosheheni mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Hazina hiyo, iliyoanzishwa Amani, katika Tanzania ya leo, mnamo 1902 na kuhamishiwa Nairobi 1950, ina takriban sampuli milioni moja.

Thamani ya kila sampuli imo katika kibandiko chake: jina la mmea, aliyeuchuma, tarehe na mahali. Kwa maeneo kame kama Turkana na Marsabit, habari hizo ni muhimu mno. Maua mengi huko huchipuka na kuchanua kwa muda mfupi baada ya mvua, kisha hutoweka. Apitaye wakati wa kiangazi aweza kuapa kwamba hapana kitu.

Hapo ndipo penye hatari. Barabara au mitambo ya umeme inapopangwa, eneo lisilo na kumbukumbu huonekana tupu.

Hata hivyo, kumbukumbu zizo hizo zaweza kuwafaidi wezi. Nchini Afrika Kusini, tangu 2019, mamia ya maelfu ya mimea ya maeneo kame iliyong'olewa kinyume cha sheria imenaswa. Ndiyo maana hifadhi nyingi duniani, zinapoweka sampuli kwenye intaneti, huficha mahali hasa ilipo mimea iliyo hatarini.

Lakini kuficha kusigeuke kufukia. Wapangaji wa miradi na wenyeji wa kaunti husika wapaswa kuonyeshwa kilichoko. Mlinzi asiyejua mali iliko hawezi kuilinda.