Tupambe Uani, Lakini Tusianze na Mapambo

Katika mkutano wa bweni letu muhula huu lilitolewa shauri ambalo lilipigiwa makofi mengi. Shauri lenyewe ni kwamba ule ua mdogo ulioko nyuma ya bweni, ambapo sasa twaanika nguo, utandikwe saruji wote, mawe yapakwe chokaa kuuzunguka, na vyungu vya maua vipangwe mistari miwili, ili siku ya wazazi wageni wetu wapate mahali pazuri pa kukaa. Mimi nami nilipiga makofi kidogo, kisha nikaacha. Nataka kueleza hapa kwa nini niliacha, maana usiku ule kengele ya kulala ililia kabla zamu yangu ya kusema haijafika.

Sipingi kupamba. Mtu asiyependa mahali pazuri pa kupumzikia jioni sijamwona bado. Ninalopinga ni kuanza na mapambo. Mimi naona kwamba ua mdogo hupangwa kwa maswali matatu kabla ya kununua kitu cho chote: nani atautumia na kwa kazi gani, maji ya mvua yatakwenda wapi, na kivuli kitatoka wapi. Maswali hayo yakiisha kujibiwa, mapambo huja kwa urahisi, na mara nyingi kwa fedha kidogo. Yasipojibiwa, mapambo huwa hasara. Nasema hivi kwa kuwa hasara hiyo niliitia mimi mwenyewe nyumbani kwetu.

Kwetu ni Tanga, katika nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani, penye jiko, bafu na choo. Mahali palipobaki wazi pana urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Desemba iliyopita baba alikuwa na akiba ya kununulia tangi la maji. Mimi nilikuwa nimeona picha nyingi za nyua za watu wa mbali, basi nikachora mchoro kwa rula na kalamu za rangi, nikamwonyesha. Baba alifurahi kuona kwamba mwanawe amejifunza kitu shuleni, akasema tangi lingoje.

Mchoro wangu ulitaka sakafu moja kutoka ukuta hadi ukuta. Mkomamanga wa bibi ulikuwa katikati, nao ukakatwa. Kinu kikapelekwa stoo. Mfereji mdogo uliopita chini ya ukuta niliuona kuwa uchafu, nikataka uzibwe. Nilimwambia fundi sakafu iwe sawasawa kama meza. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nami nilimjibu mara mbili kwamba ninayo. Kisha tukaweka viti viwili, meza ya kioo, na vyungu kumi vya maua. Majirani walikuja kutazama. Bibi naye alitoka, akatazama, akaniambia, "Mjukuu wangu, ua wako ni mzuri sana. Sasa nionyeshe pa kukaa." Nilimwonyesha kiti. Akacheka, akarudi ndani.

Maana ya neno lake niliifahamu baadaye. Tangu zamani bibi alikaa juu ya mkeka chini ya mkomamanga, akikuna nazi na kupeta mchele, na wanawake wa jirani wakaja kuzungumza naye. Lakini saruji hushika joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, na siku zile za kaskazi hata baada ya magharibi hukuweza kutandika mkeka pale. Basi bibi akashinda chumbani, na wenzake wakaacha kuja. Ua ulikuwa safi sana, nao ulikuwa mtupu.

Likizo fupi ya Aprili ilinikuta na masika. Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningalifanya mapema. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya mita za mraba 24, hayo ni maji lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Nayo ni mbali na maji yanayoshuka kutoka paa la bati. Zamani udongo ulikunywa sehemu yake, na yaliyobaki yalitoka kwa ule mfereji. Sasa udongo ulikuwa chini ya saruji, na mfereji nimeuziba. Maji hufuata mahali palipo chini, na palipo chini palikuwa mlango wa ukumbi. Usiku ule tulichota maji kwa sahani na mabeseni, na godoro la bibi lililowa lote. Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilinichoma zaidi.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naona kwamba wazee wa pwani hii walijua jambo ambalo mimi nililisahau. Katika majumba ya mawe ya Lamu, mji ambao uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, kuna ua ulio wazi ndani ya nyumba, nao waitwa kiwanda. Majumba hayo yana madirisha machache upande wa njiani, kwa hiyo mwanga na hewa huingia kwa kupitia ua huo. Huko Kilwa, katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa katika karne ya 14, nyua zaonekana hata leo, na birika lenye pande nane. Waliojenga hivyo walikuwa watu wa fahari, wala hawakuchukia uzuri. Lakini ua wao ulikuwa na kazi, na uzuri uliambatana na kazi hiyo.

Najua wako watakaonijibu kwamba udongo ni matope, kwamba majani huficha nyoka, na kwamba saruji hufagiwa upesi. Hayo ni kweli, nami sisemi tuache udongo mtupu. Nasema saruji iwekwe pale inapohitajiwa, yaani njiani, karoni na chini ya viti, na sehemu nyingine iachwe kwa kokoto na mimea. Sakafu nayo iwe na mteremko. Mafundi husema sentimita 2 kwa kila mita zatosha. Kwa upana wa mita 4 ni sentimita 8 tu, ambazo jicho halizioni lakini maji huziona. Mteremko uelekee mbali na nyumba, na mwisho wake uwe na mfereji ulio wazi.

Halafu kivuli. Jua la alasiri ndilo linaloudhi watu zaidi, basi ukuta wa magharibi ni rafiki wa mwenye ua mdogo, kwa kuwa hutoa kivuli saa zile zile ambapo watu hutaka kukaa. Baraza ikijengwa chini ya ukuta huo, kwa kimo cha sentimita 40 na upana wa 60, itakaliwa na watu watano pasipo kuziba njia, wala haihitaji kuingizwa ndani mvua ikija. Juu yake mpesheni waweza kutambaa katika waya nne, ukatoa kivuli na matunda pia. Miti mikubwa kama mwarobaini au mkungu haifai mahali padogo, maana mizizi yake huweza kupasua ukuta. Mkomamanga au mlimau wafaa zaidi. Kwa harufu nzuri, asmini mmoja karibu na baraza wapita vyungu kumi vya maua yasiyonukia. Mrehani na mchaichai ni mapambo, na tena huingia katika chai.

Ukuta ukipakwa chokaa nyeupe utarudisha mwanga na kupunguza joto, lakini sakafu isiwe nyeupe, kwa sababu itaumiza macho mchana. Na wenye vyungu wakumbuke visahani vyake. Mbu waenezao homa ya dengi, ugonjwa uliozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hutaga mayai mahali penye maji machache yaliyotuama, hata kisahanini. Kutoka yai mpaka mbu kamili ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo kumwaga maji hayo kila juma ni kinga kubwa. Mapambo yasiyotunzwa yaweza kuleta ugonjwa nyumbani.

Likizo ya Juni tulianza kurekebisha. Fundi yule yule aliitwa, na safari hii nilimwuliza mimi kabla hajaniuliza. Tulivunja saruji upana wa sentimita 60 kufuata ukuta, tukajaza kokoto, tukafungua mfereji, na sehemu iliyobaki ikaongezwa saruji kwa mteremko. Baraza imejengwa. Kinu kimerudi mahali pake. Meza ya kioo tuliiuza kwa bei ndogo kuliko tuliyonunulia. Bibi sasa hukaa barazani alasiri, na wawili katika wenzake wamerudi. Tumepanda mche wa mkomamanga, nao sasa wafika gotini pangu. Kivuli kama kile nilichokikata hatutakipata kwa miaka kadhaa. Tangi la maji halijanunuliwa hata leo, na mama angali ananunua maji kwa ndoo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sasa narudi katika ua wetu wa nyuma ya bweni. Wazazi huja siku moja, nasi twautumia siku zote za muhula. Tukiutandika saruji wote, nguo zetu tutazianika wapi, na maji ya paa la bweni yatakwenda wapi? Tena fedha inayotajwa ni michango ya wazazi wetu, ambao wengine wao wameahirisha mambo ya nyumbani kwao ili waitoe, kama baba alivyoahirisha tangi.

Shauri langu ni hili. Kwanza, mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, watu watatu watoke na vijiti, waweke alama kila mahali ambapo maji yametuama. Kazi hiyo haina gharama yo yote. Pili, kila mmoja wetu aseme hutumia ua huo kwa kazi gani, na wapishi pia waulizwe, kwa sababu nao hupita pale na kuni zao. Tatu, mfereji uchimbwe kabla ya jambo jingine lo lote. Baada ya hapo tujenge baraza mbili chini ya ukuta wa magharibi, njia ya saruji yenye upana wa sentimita 90 kufika penye kamba za nguo, na kando yake tupande asmini na mikomamanga miwili. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza watakaa katika kivuli chake watakapofika Kidato cha Nne. Sisi hatutakuwapo, lakini naona hiyo si sababu ya kutopanda.

Wazazi wakija watatukuta tumekaa mahali ambapo hukaa kila siku, nao watakaa pamoja nasi. Kwa maoni yangu, mgeni hafurahishwi na pambo kuliko hilo. Mwenye maoni mengine, tafadhali naye aandike katika toleo lijalo. Mimi niko tayari kusahihishwa, maana nimekwisha kusahihishwa na mvua.

Mwanafunzi, Kidato cha IV