Mnaita Kupoteza Muda

Desemba iliyopita kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, alikuja Isaka kula sikukuu. Anasoma shahada ya uzamili ya fasihi Dar es Salaam, na nyumbani tunajivunia. Alinikuta barazani na sindano mbili mkononi, bonge la uzi wa rangi ya maziwa kwenye kikapu, na kitabu kisicho na jalada nimekilaza kifudifudi pajani. Akakigeuza, akasoma mistari miwili, akacheka.

"Dada, na digrii yako yote unafuma soksi na kumsoma Willy Gamba? Unapoteza muda."

Wote barazani walicheka. Nami nikacheka, maana sikukuu haiharibiwi. Lakini chupa za soda zilipookotwa, neno lile lilibaki. Haya ndiyo majibu yangu, na si kwake peke yake. Neno hilo nimeshalisikia kwa wengi, na karibu wote wamesoma.

Kwanza nieleze huo muda ninaupotezea wapi. Sasa hivi nina kazi tatu. Kuna sweta la shule la mtoto wa jirani, la bluu, nimebakiza mkono mmoja. Kuna sweta zito la mjomba wangu, dereva wa lori, ambaye kila safari ya Kigali anasahau kwamba huko kuna baridi mpaka aikute. Na kuna kofia za watoto wachanga. Nimefuma sita, nataka zifike kumi na mbili. Pembeni nina vitabu viwili vya kuazima, vyote vya upelelezi, vyote vimepita mikono mingi kuliko noti ya elfu moja.

Ambaye hajafika Isaka ajue kwamba huu ni mji wa kungoja. Reli ya kutoka Tabora, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928, inapita hapa. Hapa ipo bandari kavu, ambapo mizigo ya Rwanda na Burundi inatoka kwenye behewa na kupanda lori. Siku hizi tunangoja na reli mpya, kipande cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341. Dereva anangoja karatasi, utingo anangoja dereva, mama lishe anangoja utingo apate njaa. Sisi wenye vyeti tunangoja ajira.

Katika kungoja huko kila mtu ana la kufanya. Wanaume wanacheza drafti chini ya mti tangu saa tatu asubuhi. Jioni wanajaa kibanda umiza kutazama Arsenal ikiwavunja moyo. Sijasikia mtu akiwaambia wanapoteza muda. Wanaambiwa wanapumzika. Mwanamke akishika sindano, au akifungua kitabu ambacho hakina mtihani mbele yake, ndipo saa zinaanza kuhesabiwa.

Sasa niwapeleke wodini.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa na kilo moja na gramu mia nne. Mtoto wa namna hiyo hana mafuta mwilini, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto lake linampotea upesi. Dawa yake ya kwanza ni kifua cha mtu. Njia hiyo huitwa kangaroo. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali yenye watoto wengi na mashine chache. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi, soksi na kofia, anafungwa kifuani ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mama akichoka, ndugu anapokea.

Soksi tulikuwa nazo. Kofia zote tulizopata dukani zilikuwa za mtoto mnene aliyetimiza miezi yake. Zilimshuka hadi kidevuni. Usiku huo nilikaa kwenye benchi nikafuma kofia ya kuenea chungwa. Niliikosea mara mbili, nikafumua, nikaanza tena. Asubuhi ilimkaa. Mama wa kitanda cha pili akaitazama, akasema, "Dada, na mimi je?"

Nilifuma saba wodini mle. Na kwa kuwa mama aliyefungwa mtoto kifuani hana pa kwenda, na usiku wa hospitali ni mrefu, nilianza kuwasomea. Mkobani nilikuwa na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Nilisoma kwa sauti ya chini, sura moja kila usiku. Nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, Willy Gamba ametumwa Nairobi, na wanawake watano ambao asubuhi walikuwa wakiogopa mizani ya kupimia watoto sasa wanabishana nani msaliti. Muuguzi wa zamu alikuwa akija kuangalia watoto, halafu anachelewa kuondoka.

Mama wa kitanda cha tatu alimpoteza mwanawe siku ya sita. Kabla ya kuondoka aliifua ile kofia, akaianika dirishani, ilipokauka akanirudishia mkononi. "Mpe mwingine," alisema. Ilivaliwa na mwingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia uzi na hadithi ni mambo mepesi, namkubalia. Kofia ile ilikuwa nyepesi kuliko barua. Ndiyo maana iliweza kukaa juu ya kichwa kile.

Sasa nirudi kwako, kaka, na kwa wenzako wa fasihi. Vitabu hivi mnaviita riwaya pendwa, na vile vingine riwaya dhati. Limesikilizeni neno lenyewe. Kitu kimependwa, basi kimeshushwa daraja. Ni lugha gani hiyo ambayo kupendwa ni kosa? Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Musiba, kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Leo mnaandika tasnifu juu ya watu hawa. Lakini anayewasoma barazani bila tanbihi, huyo anapoteza muda. Yaani kitabu kile kile ni utafiti mkononi mwako na ni uvivu mkononi mwangu.

Sisemi vitabu hivyo havina kasoro. Wanawake wengi humo ni chambo, au ni mzigo wa kuokolewa, na mle wodini tuliyasema hayo kwa sauti. Mama mmoja alidai kwamba angekuwa yeye, Willy Gamba asingefika hata mlangoni. Huo nao ni uhakiki. Ulifanyika bila projekta.

Wala sitaki rehema ya upande wa pili, wale wanaonisifu. Hao hawasemi napoteza muda. Wanasema ni mjasiriamali. Wananiuliza nina ukurasa wa Instagram, nimesajili kikundi, nimeandika andiko la mradi? Tuseme ukweli: sweta la mtumba sokoni mara nyingi ni rahisi kuliko uzi nitakaonunua kulifuma. Saa zangu hazimo kabisa katika bei. Na uzi wenyewe ni wa akriliki, umetoka ng'ambo. Naufuma katikati ya nchi ya pamba. Msimu ukifika malori yanapita yamebeba marobota, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inauzwa nje ikiwa bado haijasokotwa. Inatoka hapa haina jina, inarudi ina lebo. Aliyeshindwa kugeuza pamba ya Shinyanga kuwa uzi si mimi na sindano zangu mbili. Msinikabidhi mimi semina.

Ninachodai ni kidogo. Muda wa mwanamke usipimwe kwa cheti wala kwa faida tu. Yapo mambo yanayofanywa kwa sababu mtu fulani ana baridi, na mengine kwa sababu usiku ni mrefu. Mji wetu wote umesimama juu ya kazi za namna hiyo, kuanzia chai ya alfajiri ya mama lishe hadi yule anayemsomea mama yake mzee meseji za watoto waliohama. Hakuna takwimu inayozihesabu. Zikikoma siku moja tu, kila mtu atajua.

Mtoto wetu sasa anatembea. Ananiita mama mkubwa, na kofia yoyote nikimvisha anaivua na kuitupa, jambo ambalo linanifurahisha sana. Kofia sita zilizobaki nitazipeleka wodini zikikamilika.

Kitabu changu cha Musiba kilikuwa hakina kurasa za mwisho, ziling'oka zamani. Usiku wa mwisho wodini kila mama alimalizia hadithi kwa namna yake, na zote zilikuwa nzuri. Hata hivyo, kaka, Desemba ukija tena, niletee bonge mbili za uzi mweupe, ule mwembamba, na nakala yenye kurasa zote. Nafasi barazani ipo. Utakaa, utashika uzi wakati mimi naukunja, na utatusomea.