Marke haiko Mazembe wala Lupopo

Mu manyumba mingi ya batumikaji wa mine, tangu Kolwezi mpaka Lubumbashi, mutoto iko na ordinateri ya kucheza michezo. Muchezo mupya ukianza kukwama-kwama, anakuja kuomba franga ya karte grafiki, ile kipande yenye kutengeneza picha ku ekrani. Apo njo mabishano inaanza. Mumoja anasema yeye ni wa NVIDIA, hawezi kugusa AMD. Mwenzake anajibu kinyume. Utasema ni Mazembe na Lupopo siku ya derby.

Sisi ba sendika tunasema hivi: marke haiko timu. Ku timu unatoa roho, ku karte unatoa mushahara. Kama marke ingine inafanya kazi ileile kwa franga kidogo, tubadilishe bila haya.

Kuko bauzishaji benye kuambia wazazi kama kubadilisha marke ni kubadilisha ordinateri muzima. Haiko kweli. NVIDIA, AMD na Intel, bote batatu banatumia nafasi moja ya kuchomeka, inaitwa PCI Express. Mutu akitaka ulipe karte-mere mupya juu ya jina ya marke tu, franga ibaki mu mufuko.

Lakini kuko vitu vya kweli vya kuangalia. Ya kwanza ni umeme. Tuchukue mufano: mutoto iko na GeForce GTX 1060 ya 2016, anataka Radeon RX 6600 ya 2021. Ile ya zamani inakula wati 120, na modele mingi inaomba kamba ya pini 6. Mupya inakula wati 132, lakini inaomba kamba ya pini 8, na AMD inashauri alimentasyo ya wati 450. Wati haziachani sana, lakini kama alimentasyo haina ile kamba, mumelipa bure. Na vile delestaji inatuzoea, umeme ukirudi na nguvu unaweza kuunguza vyote. Heri kulipa regilateri mbele ya karte.

Ya pili, piloti ya marke ya zamani itolewe yote mbele ya kuweka ya mupya. Programu DDU inafanya ile kazi bila kulipisha.

Ya tatu, karte za Intel Arc, zenye zilianza kutoka 2022, zinaomba ordinateri yenye Resizable BAR. Ku mashini ya zamani yenye haina ile, zinapoteza nguvu mingi.

Ya ine, kama mutoto anasoma na programu zenye kuomba CUDA, abaki ku NVIDIA, juu CUDA ni yao. Apo kubaki ni hesabu, haiko mapendo.

Kuko mutu atauliza: sendika inaingilia nini mambo ya michezo? Tunaingilia juu ile franga ni jasho ya shimo. Kila karte, ikuwe ya kijani ao ya nyekundu, iko na shaba ndani. Shaba haivaye jezi. Sisi benye kuitoa mu udongo hatuna deni ya uaminifu kwa marke hata moja. Deni yetu ni kwa nyumba: chakula, minerval ya batoto, dawa. Karte inakuja nyuma ya ile, na ikikuja, iingie kwa bei yenye haki.

Mu mine tunakataza mutu kusaini mukataba yenye hajasoma. Tufanye vile na ku duka. Karte ya okazyo ichomekwe mbele yetu, muchezo uchezwe nusu saa, garanti iandikwe ku karatasi na tarehe yake. Muuzishaji akikataa, tutoke na franga yetu, tuingie duka ya jirani.