Watu wamehama, hesabu imebaki: mfumo wa takwimu za afya upangwe vizuri kabla ya kupanuliwa

Mwisho wa kila mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya anafungua rejista zake na kuhesabu: wagonjwa wa malaria, mama wajawazito waliokuja kupimwa, watoto waliochanjwa. Anajaza ripoti, ripoti inapelekwa kwenye biro kuu ya zoni ya afya, na pale inaingizwa katika kompyuta. Kutoka hapo, wakubwa wa jimbo na wa Kinshasa wanaweza kuisoma. Programu inayobeba kazi hiyo inaitwa DHIS2. Ilianzia Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norwe, na haiuzwi. Kongo ina zoni za afya 519, na ripoti zake zinapita humo.

Hiyo si kazi ndogo, katika nchi ambayo barabara ni mbovu na rezo inakatika. Lakini kila mara panapozungumzwa kuupanua mfumo wa namna hiyo, maneno ya kwanza yanakuwa ni mashini mpya, simu za kisasa na michoro ya rangi kwenye skrini. Jambo la kwanza lingepaswa kuwa lingine: hesabu ya watu iwafuate watu wanapohama. Bila hilo, mfumo utakuwa mkubwa na kosa litakuwa kubwa pamoja nao.

Shida inaanzia kwenye idadi ya wakaaji. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wote wa Kongo ilifanyika mwaka wa 1984. Tangu hapo mipango inategemea makisio. Idadi ya zamani inaongezwa asilimia fulani kila mwaka, au wajumbe wa afya wanapita nyumba kwa nyumba na kuandika. Idadi hiyo ndiyo inayoamua kituo kinangojea watoto wangapi wa kuchanja. Inasaidia pia kupanga dawa na vyandarua. Mahali palipo na amani, makisio yanaweza kukaribia ukweli. Mahali ambapo kijiji kizima kinaondoka usiku mmoja, makisio yanakuwa ya uongo asubuhi yake.

Mfano mdogo unatosha. Chukua eneo la afya lenye wakaaji 10,000, na useme watoto wachanga wa kuchanjwa kwa mwaka ni 350. Jirani yake lina wakaaji 8,000, na watoto 280. Vita inaingia kwa jirani. Watu 4,000 wanakimbia, pamoja na watoto wao 140, wanakuja kukaa katika eneo la kwanza. Wauguzi wa pande zote mbili wanafanya kazi bila kuchoka, na hakuna hata mtoto mmoja anayekosa chanjo.

Ripoti zinasema nini? Eneo la kwanza limechanja watoto 490 kati ya 350: asilimia 140. Eneo la pili limechanja 140 kati ya 280: asilimia 50. Anayesoma kwenye skrini, mbali na pale, atamwona muuguzi wa kwanza kuwa mwongo na wa pili kuwa mvivu. Wote wawili wamefikisha asilimia 100. Aliyekosea ni yule aliyeacha hesabu ya watu 4,000 kwenye kijiji walichokikimbia.

Matokeo yake hayabaki kwenye karatasi. Dawa za malaria zilizopangwa kwa watu 10,000 zinatumiwa na watu 14,000, na rafu inakuwa tupu kabla ya mwezi kuisha. Mama aliyekimbia na mtoto mwenye homa anaambiwa dawa zimekwisha. Mwenyeji aliyempokea nyumbani kwake anaambiwa hivyo hivyo, na hapo ndipo manung'uniko kati ya wenyeji na wageni yanapoanza.

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanajua jinsi mambo yanavyobadilika haraka. Mwezi wa pili mwaka wa 2025, kambi zilizozunguka Goma, kama Bulengo na Lushagala, ziliachwa karibu tupu kwa muda wa siku chache. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine wakaingia mjini kwa ndugu, wengine wakaendelea na safari. Mfumo unaongoja mwaka mpya ili kubadilisha idadi ya wakaaji hauwezi kuwasaidia watu wa namna hiyo.

Kwa hiyo, kupanga kunapaswa kuanzia chini. Ripoti ya mwezi iwe na nafasi mbili za lazima: jamaa ngapi zimefika na ngapi zimeondoka, kutoka wapi na kwenda wapi. Wajumbe wa afya na mashefu wa vijiji wanazijua hesabu hizo, kwa sababu ndio wanaowapokea watu. Munganga mkuu wa zoni azithibitishe, kisha idadi ya kazi ya mwezi ule ibadilike katika mfumo, huku idadi ya mwanzo ikihifadhiwa kando. Hivyo atakayesoma ataona zote mbili na kuelewa kwa nini kituo kimoja kimevuka asilimia 100.

Jambo la pili ni majina ya mahali. Kijiji kimoja huweza kuandikwa kwa namna tatu katika orodha tatu. Mipaka pia inabadilika: mwaka wa 2015 majimbo ya Kongo yalitoka 11 yakawa 26, na Katanga peke yake ikagawanyika kuwa manne. Kila mahali papewe namba moja isiyobadilika, hata kama jina au jimbo litabadilika. Bila namba hiyo, orodha mbili haziwezi kuunganishwa, hata zikiwekwa katika mashini ya bei kali.

Na orodha ni nyingi. PAM, linaloshughulika na chakula, lina mfumo wake unaoitwa SCOPE. OIM inafuatilia mienendo ya watu kwa mfumo wa DTM. HCR nayo ina mfumo wake wa kuandikisha. Kila mmoja una kazi yake, na si lazima kuzivunja zote ili kujenga mmoja. Kinachohitajika ni kwamba zitumie namba zilezile za mahali na maana moja ya maneno. Kama mfumo mmoja unahesabu jamaa na mwingine unahesabu vichwa, na hakuna anayesema, jumla yao haina maana yoyote.

Jambo la tatu ni mahali pa kuweka data zenyewe. Kenya ilipoweka DHIS2 nchi nzima mwaka wa 2011, ilichagua seva moja ya taifa badala ya programu iliyokaa peke yake katika kila wilaya, na watu wa wilaya wakaifikia kwa modemu za simu. Uchaguzi ule una faida: marekebisho yanafanywa mara moja, na hakuna fundi wa kuzunguka biro kwa biro. Lakini Goma, mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, umeme na intaneti vilikatika wakati wa mapigano. Mahali pa namna hiyo, simu au kompyuta ya kituo lazima iweze kuandika bila rezo na kutuma rezo inaporudi. Nakala ya data iwekwe pia mbali na mji, na rejista ya karatasi isitupwe.

Tena, kazi ya kuandika itenganishwe na kazi ya kusoma. Mwisho wa mwezi zoni zote zinatuma kwa wakati mmoja. Wakati huohuo mamia ya watu katika mabiro wanafungua michoro. Kama kila mchoro unahesabu upya tangu mwanzo, seva inazimika mikononi mwa muuguzi aliyenunua mega kwa pesa yake. DHIS2 yenyewe inaweza kuandaa majumlisho mapema, kwa mfano usiku, ili msomaji wa asubuhi akute hesabu ziko tayari. Anayepanga kuupanua mfumo aanzie kwenye ratiba hiyo kabla ya kufikiri kununua seva ya pili.

Jambo la nne ni usalama wa majina. Ili kupanga dawa, inatosha kujua ni watu wangapi na wa umri gani. Orodha ya majina ya waliokimbia, pamoja na vijiji vyao, inaweza kuwa hatari ikianguka katika mikono mibaya. Sheria ya mambo ya kidijitali ya Kongo, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka wa 2023, inazungumzia ulinzi wa data za watu. Majina yabaki kwa wachache wanaotoa huduma. Hesabu tu ndizo zipande juu.

Kuna watakaosema: pesa hizo zinunue dawa, si takwimu. Ni neno la haki kwa mtu mwenye mtoto mgonjwa. Lakini dawa isiyojua watu wako wapi inaweza kwenda kuharibika katika kijiji kilichobaki na mbuzi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane mwaka wa 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita mwaka wa 2020 iliua watu 2,287 kati ya 3,470 walioandikwa, Kivu na Ituri. Mgonjwa wa kwanza aliyegunduliwa Goma alikuwa amefika kwa basi toka Butembo, mwezi wa saba mwaka wa 2019. Ugonjwa unavuka mipaka ya zoni kwa tiketi ya basi, na habari zake lazima zivuke mapema kuliko huo.

Wengine watasema, afadhali kuanza nchi nzima kwa mara moja. Hapana. Ianze katika zoni mbili: moja inayopokea watu na moja inayoondokewa. Kwa miezi 6 ipimwe kama ripoti zinafika kwa wakati, kama zimejaa, na kama dawa zilizotumwa zimefuata idadi mpya. Kosa likionekana pale, litarekebishwa kwa bei ndogo. Likionekana katika zoni 519, litaitwa hali ya kawaida.

Mwishowe, hesabu irudi kwa waliohesabiwa. Kila eneo la afya lina kamati yake, CODESA, ambamo wakaaji wanawakilishwa. Muuguzi abandike ukutani mwa kituo, kila mwezi, karatasi moja yenye idadi ya wakaaji iliyotumika, waliofika, walioondoka na dawa zilizopokelewa. Jamaa zilizokimbia zina haki ya kufika kwenye kamati hiyo na kuuliza: sisi tuliofika mwezi uliopita, tumeandikwa hapa, au bado tunahesabiwa kule tulikotoka? Na wenyeji waulize pamoja nao, maana rafu ya dawa ni moja.