Daftari Tulilolirudisha



Wapendwa waamini, juma hili tunaandika tukijishtaki wenyewe kwanza, kisha tutawagusa na ninyi.

Mwezi Februari, tulipojiandaa kwa Siku ya Wagonjwa Duniani ambayo Papa Yohane Paulo II aliiweka tarehe 11 ya mwezi huo, tuliwaomba wagonjwa wa parokia waandike shuhuda zao zisomwe baada ya komunyo. Mama mmoja wa vijiji vya juu, vile vya tangawizi, alileta daftari. Kamati ililisoma, nasi tukaridhia lirudishwe. Sababu ilikuwa moja: halina mwisho.

Maana yake ni kwamba hajapona. Figo zake zimeshindwa kazi. Husafishwa damu mara mbili kwa juma katika hospitali ya rufaa, na ili awe karibu amehamia kwa mpwa wake Moshi, shamba limeuzwa. Ameandika jinsi alivyoteremshwa mlimani usiku juu ya pikipiki, akiwa amebanwa katikati ya vijana wawili asidondoke. Ameandika pia kwamba miaka kadhaa kabla ya hapo aliambiwa ana presha, akapewa vidonge, akaviacha alipoona kichwa hakimuumi tena. Akaendelea na mizizi aliyoletewa na jirani, na daktari alipomwuliza, akakana. Hapo ndipo tulipopaswa kusimama na kusoma mara ya pili. Presha huweza kuharibu figo miaka mingi bila maumivu yoyote. Ni wangapi katika mabenchi yetu wana vidonge vilivyosahauliwa sandukuni? Ukurasa ule ungewafaa kuliko mahubiri yetu ya mwezi mzima.

Badala yake zilisomwa shuhuda tatu za waliopona, na kanisa likapiga makofi.

Tunasema wazi kwamba mazoea haya ni mabaya. Ushuhuda wetu wa kawaida hutaja ugonjwa kwa sentensi moja, hurukia uponyaji, na katikati hapo hakuna kitu. Muuguzi aliyekesha hatajwi. Ndugu aliyetoa damu hatajwi, wala deni, wala dawa iliyoachwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba. Sisi tunamfuta katika hadithi ili muujiza uonekane mkubwa zaidi.

Madhara yake tuliyaona mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo. Foleni ya magari ilienda kilometa nyingi, na wapo waliofia humo. Hatumhukumu marehemu, wala hatuwacheki waliokwenda. Kukata tamaa hakujui dhehebu. Lakini tujiulize ni nini kilichowasukuma. Zilikuwa ni shuhuda. Aliyesema amepona kisukari au virusi vya UKIMWI alisikika nchi nzima. Aliyeacha dawa zake akazidiwa alizikwa kwao, na ni wachache waliokwenda kuuliza. Marehemu hasimami kutoa ushuhuda. Basi aliye hai na hajapona asipopewa nafasi, tutakuwa tunasikia upande mmoja tu daima.

Tumeambiwa kwamba masimulizi ya namna hii yatavunja imani ya wachanga. Imani ipi hiyo? Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, Marko anatuambia alimweleza Bwana ukweli wote, na Mwinjili hakuona haya kuandika kwamba mali yake yote iliishia kwa matabibu na hali ikazidi kuwa mbaya. (Luka, ambaye mapokeo yanamwita tabibu, amepita hapo kwa upole zaidi, tunamwelewa.) Mtume Paulo mwenyewe aliandika kwamba aliomba mara tatu kuondolewa mwiba wake, na haukuondolewa. Kwa Timotheo aliandika kwamba amemwacha Trofimo Mileto, akiwa mgonjwa. Hakuna mstari mwingine unaosema Trofimo alipona. Kamati yetu ingeirudisha barua hiyo.

Jirani zetu wa Uganda walituzidi. Katika miaka ya 1990, akina mama wenye virusi vya UKIMWI, wa chama cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wao, baba yao alikuwa nani, mama anaumwa nini. Waliandika wakijua huenda hawatapona, na wengi wakati huo hawakuwa na dawa. Mtoto alibaki na maneno ya mama mwenyewe badala ya minong'ono ya msibani.

Na minong'ono ndiyo hoja pekee ya kamati tunayoiheshimu. Mgonjwa asilazimishwe kusema, wala mwingine asimsemee, wala picha yake kitandani isizungushwe kwenye simu za jumuiya bila idhini yake. Haya ya mama huyu tumeyaandika baada ya yeye kuturuhusu, na jina ametukataza.

Tumemwomba radhi, na daftari limerudi kwetu likiwa limeongezwa kurasa nne. Amesema atalisoma mwenyewe, misa ya pili, Jumapili ijayo. Husafishwa damu Jumamosi na siku inayofuata huamka amechoka, kwa hiyo asipofika tutangoja Jumapili nyingine.